Herufi za Muziki Katika Nchi ya Njombe na Makambako: Nota na Kodi, Toka Solfa Hata Kompyuta

Wataalamu wa Kiswahili wameandika mengi juu ya herufi za Kiarabu ambazo washairi wa pwani walitumia kuandika tenzi zao, na mengi vile vile juu ya herufi za Kirumi zilizokuja kushika mahali pake. Lakini iko namna ya tatu ya herufi ambayo imesomwa kwa muda mrefu na watu wengi wa bara, nayo haijatazamwa sana katika kurasa za uchunguzi wa lugha. Hizi ni herufi za muziki. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, toka Makambako hata Njombe na mbele yake, mwalimu wa kwaya hubeba daftari lenye herufi saba tu, d r m f s l t, na kwa herufi hizo huweza kuwafundisha watu arobaini wimbo wa sauti nne ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuusikia.

Siku hizi herufi nyingine zimeingia, nazo ni zile za wapiga gitaa na wapiga kinanda cha umeme: C, F, G, Am na nyinginezo, zikiandikwa juu ya maneno ya wimbo katika kompyuta au katika simu. Makala hii yakusudia kueleza jinsi herufi hizi mbili zilivyofika, tofauti iliyopo kati ya kuandika nota moja moja na kuandika kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, na hasara inayoweza kutokea ikiwa tofauti hiyo itasahauliwa.

I. Nchi na misheni zake

Njombe ni mji wa baridi ulio katika nchi ya Wabena. Tangu mwaka 2012 ni makao ya mkoa wake wenyewe. Kabla ya hapo wilaya ya Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa. Makambako iko upande wa kaskazini, mahali ambapo barabara itokayo Songea kwa njia ya Njombe hukutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Mbeya, tena reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Kwa hiyo mji mmoja ni makao ya utawala na ya makanisa, na mwingine ni njia panda ya watu, mizigo na habari.

Walioleta uimbaji wa vitabuni katika nchi hii walikuwa wamisionari. Chama cha Misioni cha Berlin kilifika kaskazini mwa ziwa Nyasa mwaka 1891, kikasonga mashariki katika Ukinga na Ubena. Misheni ya Kidugala, isiyo mbali na Makambako, ilianzishwa mwaka 1898. Wajerumani hao walikuwa na mapokeo yao ya muziki. Waliandika nyimbo kwa mistari mitano, na majina ya nota zao yalikuwa herufi: C, D, E, F, G, A na H. Herufi B kwao si nota ile ambayo Waingereza huiita B, bali ni ile iliyo nusu hatua chini yake. Neno hili dogo yafaa likumbukwe, kwa maana litarudi mbele.

Vita ya 1914 hata 1918 ilikata kazi ya Wajerumani. Katika miaka iliyofuata vita, misheni zao za nyanda za kusini ziliangaliwa na Waskoti wa Livingstonia, ambao misheni yao ilikuwa ng'ambo ya ziwa, katika Nyasaland. Waskoti hao walikuwa watu wa solfa. Tena walikuwa na desturi ya kuwapa Waafrika nafasi ya kutunga: mmoja wao, Donald Fraser, alijulikana kwa kuwahimiza Wangoni kutunga nyimbo za ibada kwa lugha yao na kwa mahadhi yao. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, na Walutheri wa nchi nyingine, Waswidi hasa, wakashika nafasi yao. Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na Dayosisi ya Kusini ikawa na makao yake Njombe. Kwa upande wa Wakatoliki, nchi hii iliangaliwa kwa muda mrefu na Wabenedikto wa Peramiho, hata jimbo la Njombe lilipoundwa mwaka 1968.

Habari hizi fupi zatosha kuonyesha jambo moja. Mbena aliyejifunza kuimba kitabuni katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 aliweza kukutana na desturi mbili za herufi, ya Kijerumani na ya Kiingereza, na wala hazikukubaliana juu ya maana ya herufi zile zile.

II. Solfa na sababu ya kushinda kwake

Mizizi ya solfa ni ya kale, nayo hurudishwa kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11. Lakini solfa ya herufi, kama inavyoandikwa Njombe, ilibuniwa Uingereza na mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, ikatengenezwa na kuenezwa na mchungaji John Curwen tangu miaka ya 1840. Shabaha yao ilikuwa kuwafundisha watoto na watu wa kazi ambao hawakuwa na fedha ya kununua vinanda wala nafasi ya kujifunza mistari mitano.

Kanuni yake ni nyepesi. Herufi d si sauti moja isiyobadilika, bali ni nota ya kwanza ya ufunguo wowote utakaochaguliwa. Mwalimu akiandika juu ya karatasi kwamba do ni G, basi d ni G, r ni A, m ni B, na kuendelea; akibadili na kusema do ni A, nota zote huhama pamoja naye bila kugusa hata herufi moja ya karatasi. Muda huonyeshwa kwa nukta mbili zinazotenga pigo na pigo, kwa nukta moja inayogawanya pigo katika nusu mbili, na kwa kistari kinachorefusha sauti iliyotangulia.

Solfa ilishinda si kwa sababu ni rahisi kuimba tu, bali kwa sababu ni rahisi kuchapa. Mistari mitano ilihitaji fundi maalumu na vyombo vya ghali. Solfa ilihitaji herufi, nukta na vistari, ambavyo vyote vilikuwamo katika taipureta ya ofisi ya parokia au ya shule. Karatasi ya stensili ilichapwa mara moja, ikatoa nakala za kwaya nzima. Na palipokosekana stensili, kalamu na daftari la shule vilitosha. Ndivyo ilivyotokea hata kusini mwa Afrika, ambako Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake huimbwa leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Sontonga aliziandika tungo zake kwa solfa katika daftari. Ni haki kusema kwamba wimbo wa taifa ulizaliwa katika herufi zile zile ambazo mwalimu wa kwaya wa Njombe huziandika hata sasa.

Iko sifa moja ya solfa ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Ukurasa wa solfa una mistari minne iliyopangwa mmoja juu ya mwingine: soprano, alto, tena na besi. Asomaye kwa kwenda mbele hupata nota moja moja za sauti yake. Asomaye toka juu hata chini hupata kodi. Hivyo ukurasa mmoja umehifadhi mambo mawili kwa pamoja, mwendo wa kila mwimbaji na mwafaka wa wote.

Isidhaniwe kwamba solfa haikuwa na kasoro. A. M. Jones, aliyechunguza muziki wa Afrika na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1959, alionyesha kwamba tuni za Ulaya zikitiwa maneno ya lugha zenye toni huvunja mwendo wa sauti ya maneno yenyewe. Kibena ni lugha ya namna hiyo. Kiswahili, kwa kuwa kina mkazo tu wala hakina toni, hakikuumia kwa kiasi hicho. Padre Stephen Mbunga, aliyetoka katika nchi ya Wabenedikto kusini mwa Tanganyika, alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu, akiutetea muziki wa wenyeji uingie katika ibada. Mabadiliko yalikuja upesi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kwa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika, na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, ambao umekwenda mpaka katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Watunzi wa kizazi hicho walibadili tuni, lakini nota zao bado ziliweza kuandikwa moja moja.

III. Kodi zaingia

Kodi zilizoandikwa kwa herufi juu ya maneno hazikutoka kanisani. Zilitoka kwa wapiga gitaa wa dansi, nazo ziliingia katika kwaya pamoja na magitaa ya umeme, na baadaye pamoja na vinanda vidogo vya umeme. Gregory Barz, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya muziki wa kwaya Tanzania, ambacho kilitazama hasa kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam, ameeleza jinsi kwaya ilivyo zaidi ya uimbaji: ni jumuiya yenye viongozi, michango na safari zake. Jumuiya ya namna hiyo inaponunua kinanda, hapana budi kuwe na karatasi kwa ajili ya mpiga kinanda.

Karatasi hiyo ni fupi kuliko ya solfa. Tuseme pana mstari wa maneno usemao: Nchi ya vilima na baridi. Katika ufunguo wa G, mpigaji huandikiwa hivi, kila kodi ikiwa katika mabano kabla ya silabi yake:

[G]Nchi ya vi[C]lima na [D]bari[G]di

Namna hii ya mabano ndiyo iliyoenea katika kompyuta. Ilianza miaka ya mwanzo ya 1990 na programu ya Martin Leclerc na Mario Dorion, nayo sasa hujulikana kwa jina la ChordPro. Uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu, kama solfa ya taipureta: yaweza kuandikwa katika kompyuta yoyote na kupelekwa kwa simu. Tena programu huweza kuhamisha ufunguo. Mwimbaji akiona wimbo ni wa chini mno, mpigaji huamuru hatua moja juu, na mara G huwa A, C huwa D, na D huwa E.

Walakini tazama kilichopotea. Mstari ule una silabi kumi: n, chi, ya, vi, li, ma, na, ba, ri, di. Kila kodi ya kawaida ina nota tatu. Kodi ya G, kwa mfano, ina G, B na D. Karatasi haisemi silabi yoyote iimbwe kwa nota ipi kati ya hizo tatu. Hata tukiacha nota za kupita, na tofauti za juu na chini, kila silabi ina njia tatu, na silabi kumi zina njia 59,049. Yaani mstari mmoja wa kodi wakubali tuni hizo zote, na mtunzi alikusudia moja tu. Aliyeusikia wimbo ataikumbuka. Aliyezaliwa baada ya kwaya ile kutawanyika hana njia ya kuirudisha.

Hapa ndipo penye jambo la kupimwa. Karatasi ya kodi si uandishi wa wimbo, bali ni msaada wa kumbukumbu kwa yule aujuaye tayari. Kwa mpigaji wa Jumapili hii ni chombo chema sana. Kwa mhifadhi wa nyimbo ni ukuta usio na nyumba.

IV. Nota moja katikati ya kodi

Wapigaji wenyewe wamekwisha kuona upungufu huu kwa upande wao, kwa maana kinanda hakipigi kodi tu. Mahali pengine besi hutembea nota moja moja toka kodi hata kodi, na mahali pengine gitaa hujibu waimbaji kwa nota chache. Katika karatasi ya kodi nota moja iliingia kwanza kwa njia ya mkwaju: G/B ina maana kodi ya G, lakini besi ipige B. Herufi ya kushoto ni kodi, ya kulia ni nota moja, na zote mbili ni herufi kubwa. Msomaji hutambua kwa mahali pake tu.

Mwendo mzima wa besi hauwezi kuandikwa kwa mkwaju peke yake. Tuseme kati ya G na C besi hupanda kwa nota G, A na B ikafikia C. Mwandishi wa kompyuta ana njia mbili. Ya kwanza ni kuziandika kama neno la maelezo, ambalo katika ChordPro hutanguliwa na alama ya nyota ndani ya mabano: [*g a b]. Njia hii huonekana safi, lakini ina mtego. Programu haiyahamishi maelezo. Siku wimbo utakapopandishwa toka G hata A, kodi zote zitahama na maelezo yatabaki nyuma, na mpiga besi atapiga g, a, b katika ufunguo usio wake.

Njia ya pili ni kuwasha katika programu mpango wa majina ya nota. Mpango huu ukiwashwa, herufi kubwa husomwa kuwa kodi na herufi ndogo husomwa kuwa nota moja, hivi: [g] [a] [b] [C]. Wimbo ukihamishwa, nota huhama pamoja na kodi, zikawa a, b, c# na kisha kodi ya D. Kwa solfa mwendo huo wa besi ni d r m f katika ufunguo wowote, wala hauhitaji kuhamishwa kamwe. Kompyuta imefanya kazi kubwa ili kupata neno ambalo Curwen alilipata kwa kalamu.

V. Herufi kubwa na herufi ndogo

Yamkini mtu atafikiri kwamba kanuni hii, ya herufi kubwa kwa kodi na ndogo kwa nota, ni uvumbuzi wa kompyuta. Sivyo. Curwen, alipofundisha elimu ya mwafaka wa sauti katika miaka ya 1860, alizipa kodi majina ya herufi kubwa za solfa: kodi iliyojengwa juu ya d aliiita D, iliyojengwa juu ya s aliiita S, na alitia herufi b au c pembeni kuonyesha kodi iliyogeuzwa. Herufi ndogo za mistari ya waimbaji zilibaki nota moja moja. Kwa hiyo tofauti hii ilikuwa katika mapokeo ya solfa zaidi ya miaka mia kabla ya programu yoyote.

Lakini si kila mapokeo yanakubali. Katika vitabu vya Kijerumani herufi ndogo a yaweza kuwa na maana ya ufunguo au kodi ya huzuni, ile ambayo wapiga gitaa huiandika Am. Herufi kubwa A ni ile ya furaha. Tena Helmholtz, katika kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya elimu ya sauti, alitumia herufi kubwa kwa nota za chini na ndogo kwa nota za juu yake. Na mwendo wetu wa besi, g a b, Mjerumani angeuandika g a h.

Basi herufi moja, d, katika nchi iliyopitiwa na mapokeo haya yote, yaweza kusomwa kwa njia nne: nota ya kwanza ya ufunguo wowote, kwa msomaji wa solfa, nota D peke yake, kwa mwandishi wa kompyuta, kodi ya huzuni ya D, kwa aliyefundishwa Kijerumani, na nota D ya daraja fulani, kwa mfuasi wa Helmholtz. Herufi m ni mi katika solfa na ni alama ya huzuni katika Am. Herufi f ni fa inayohama au F isiyohama. Katika do ya C makosa hayaonekani upesi, kwa maana fa ndiyo F yenyewe. Katika do ya G fa ni C, na kosa husikika mara moja.

VI. Maneno ya Kiswahili na kazi iliyobaki

Fujo ya herufi imefuatana na upungufu wa maneno. Neno sauti hubeba mzigo mwingi: ni sauti ya mtu, ni sauti ya pili au ya tatu katika kwaya, ni nota, na ni ukubwa au udogo wa mlio. Wengine husema noti, wengine nota. La kwanza lina upungufu wa kuwa pia jina la fedha ya karatasi, na la pili hutumika sana na Wakatoliki kwa maana ya ukurasa mzima wa wimbo ulioandikwa. Kodi ni neno la wapigaji, nalo laafikiana kwa bahati mbaya na kodi ya serikali, ingawa hakuna atakayechanganya mambo hayo mawili akiwa mbele ya kinanda. Yafaa nota liwekwe kwa sauti moja iliyoandikwa, kodi kwa sauti zinazolia pamoja, na sauti liachiwe waimbaji na sehemu zao.

Uhifadhi wenyewe umekwisha kuanza. Maktaba ya intaneti iitwayo Swahili Music Notes imekusanya nyimbo nyingi za Kikatoliki za Kiswahili zikiwa na nota zake kamili. Lakini vyombo vya kuandikia navyo hufa: programu ya Finale, iliyotumika kwa miaka mingi tangu 1988, ilisimamishwa na wenyewe mwaka 2024, na mafaili yake yatahitaji kuhamishwa. Maandishi matupu, ya solfa au ya mabano, hayana hatari hiyo kwa kiasi kile kile, kwa sababu hayahitaji programu ya mtu fulani ili yasomeke.

Kwa ajili hiyo, karatasi ya kodi inayotolewa kwa kompyuta katika kwaya ya Njombe au Makambako ingetimia kwa mambo matatu. Juu yake yaandikwe do ni nini, na herufi ndogo ina maana gani. Nota za besi na za majibu ziandikwe kwa njia inayohama pamoja na kodi. Na chini ya mstari wa kwanza wa kila tuni iwekwe solfa ya soprano, hata kama nafasi haitoshi kwa sauti nyingine tatu. Mstari huo mmoja wa herufi ndogo huziondoa njia 59,048 na kuacha ile moja aliyoikusudia mtunzi.